Gari Lililoshindwa Kumtambua Mtu

Nisikilizeni, wajukuu zangu, maana hiki ni kisa cha kweli. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona kule Marekani, mama mmoja alikuwa akivuka barabara pana huku anasukuma baiskeli yenye mifuko. Likaja gari la majaribio la kampuni ya Uber. Usukani ulikuwa mikononi mwa kompyuta; aliyekaa kiti cha dereva alikuwa msimamizi tu.

Gari lilimwona mama yule sekunde zaidi ya 5 kabla ya kumfikia. Muda huo unatosha kushika breki. Lakini kompyuta ilibabaika: mara ikadhani ni gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Na kila ilipobadili jina, ilisahau alikotoka, ikashindwa kukisia anakoelekea. Mama akagongwa, akafa.

Wachunguzi walikuta jambo linalonichoma hadi leo: programu ile haikuandaliwa kufikiria kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko.

Sasa angalieni hapa kwetu Nguvumali. Asubuhi moja tu mtamkuta baba anakokota baiskeli ya nazi, mama ana beseni la samaki kichwani, mbuzi, bodaboda, na ninyi wenyewe mnakimbilia shule. Wangapi wanavukia kwenye kivuko?

Wataalamu hupenda kuuliza: breki zikikatika, gari limgonge mzee mmoja au watoto watano? Watafiti wa chuo cha MIT waliuliza maswali ya namna hiyo dunia nzima, wakapata majibu karibu milioni 40, na watu wa nchi mbalimbali hawakujibu sawa. Ni swali zito, ila naona linawahi mno. Gari litachaguaje wa kumwokoa, ikiwa halijafunzwa kwamba aliye mbele yake ni mtu?

Halafu lipo la lawama. Dereva wa daladala akigonga, twajua wa kumuuliza. Kule Arizona, mwendesha mashtaka alisema kampuni haina kesi ya jinai. Msimamizi, ambaye wachunguzi walisema macho yake yalikuwa kwenye simu, alikiri kosa mwaka 2023 akapewa kifungo cha nje cha miaka 3. Alistahili kuulizwa. Lakini na wale waliokaa ofisini wakaunda programu isiyomtarajia mwenda kwa miguu, nao walipaswa kusimama mahakamani wakaeleza kwa nini.