KUUZA MASHUA YA TANGA ILIYOCHAKAA

Katika likizo ya mwezi wa Juni nilipewa kazi ambayo sijapata kufundishwa darasani, nayo ni kuandika tangazo la kuuza mashua. Kwa kuwa watu wengi wa ufuko wetu wa Kyela wanavyo vyombo vya kuuza na kununua, na kwa kuwa wazazi wetu husoma gazeti hili, nimeona yafaa nieleze niliyojifunza, hata kama sehemu ya habari yenyewe si ya kunipa sifa.

Mashua yenyewe si mtumbwi wa gogo, wala si mashua ya kuvulia usipa. Ni ile aina ambayo Waingereza huiita yoti, yaani mashua ya matembezi iendayo kwa matanga, yenye sitaha na kijumba kidogo cha kulala watu wawili. Urefu wake ni futi 24. Mbao zake ni za mvule, mataruma yake ni ya mninga, na chini ya mkuku imefungwa risasi nzito ili isipinduke upepo unapoipiga ubavuni. Babu aliinunua mwaka 1974 kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kwa miaka mingi aliiendesha kutoka Matema hadi Ikombe, ambako Wakisi hufinyanga vyungu, na mara nyingine hadi Lumbila, kwenye vijiji ambavyo milima ya Livingstone imevisukuma mpaka majini, na chombo ndicho kilichokuwa njia yao. Mgongo ulipoanza kumsumbua, aliipandisha nchi kavu chini ya mwembe. Imekaa hapo miaka 11. Kuku wametaga ndani yake.

Mwaka huu Bibi aliambiwa kwamba macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho na kwamba yatakiwa apasuliwe. Nyumbani hapakuwa na fedha ya safari na matibabu. Kitu cha kuuza kilikuwa kimoja tu.

Jambo la kwanza ni kukijua chombo chako kabla hujamtafuta mnunuzi. Watu wengi hudhani kwamba mashua huozeshwa na maji inamoelea. Sivyo. Katika ziwa letu hakuna wale wadudu wa baharini watobao mbao, ambao huwatia hasara wenye majahazi wa Pwani. Adui wa mashua iliyo nchi kavu ni maji ya mvua, na Kyela, kama mjuavyo, ni katika sehemu za Tanzania zipatazo mvua nyingi kupita kiasi. Maji ya chumvi huzuia ukungu ulao mbao, lakini maji ya mvua huulisha. Yakiingia kwenye ufa wa sitaha hutuama pembeni mahali pasipofikiwa na hewa, na hapo ndipo uozo huanzia. Basi mashua kama hii huoza kutoka juu kwenda chini, na mtu atazamaye tumbo lake tu ataiona nzima.

Babu alinionyesha namna ya kuipima. Unagonga kwa nyundo ndogo, ubao baada ya ubao, huku ukisikiliza. Ubao mzima hulia, na uliooza hujibu kwa sauti nzito kama ya mto wa pamba. Penye shaka unachoma kwa ncha ya kisu, na ikizama bila kusukumwa sana, chora alama kwa chaki. Mahali pa kutazamwa zaidi ya pote ni chini ya mlingoti, kwenye pembe za sitaha, na kila palipopita msumari au komeo la chuma, maana kutu huiharibu mbao inayoizunguka. Matanga hukunjuliwa yote juani, na mishono yake hujaribiwa kwa kuvuta. Tulipomaliza, alama za chaki zilikuwa 31, nyingi upande wa tezi. Mataruma manne yalikuwa yamekwisha kabisa. Tanga kubwa lilikuwa limetobolewa na panya.

Sasa naja kwenye sehemu isiyonipa sifa. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa magari, alisema hakuna atakayenunua mashua yenye alama za chaki 31. Babu alipokwenda mjini kwa siku tatu, Kaka alifuta chaki, akaziba mashimo na nyufa kwa ile dawa ngumu ya kuzibia mabati ya magari, akapiga rangi nyeupe juu. Nami niliandika tangazo. Niliandika kwamba mashua ni “imara, mbao zote nzima, tayari kwa safari.” Mwalimu wetu wa Kiswahili angalipenda mtungo ule. Tulipeleka picha zake kwa simu, na siku ya pili mnunuzi akaja. Alikuwa mfanyabiashara mwenye adabu, aliyetaka chombo cha kuchukua mchele na abiria kwenda vijiji vya chini ya milima. Aliitazama, akaipapasa, akasema atatoa shilingi milioni 6.

Babu alirudi jioni ile ile. Hakusema neno. Alichukua nyundo yake, akagonga mahali pawili upande wa tezi, akamwambia mgeni, “Bwana, samahani kwa kukusumbua. Chombo hiki hakichukui abiria.” Mgeni akashangaa akasema, “Lakini Mzee, mbona tangazo lasema tayari kwa safari?” Babu akajibu kwamba tangazo liliandikwa na mtoto. Nilitamani ardhi ipasuke.

Usiku alitueleza, wala hakugomba. Nami ningependa wasomaji waelewe jambo hili vema, maana ni la ufundi. Mashua ya mbao ikikaa nchi kavu, mbao hukauka na kusinyaa, na nafasi kati ya ubao na ubao hufunguka. Ikirudishwa majini huvuja sana kwa siku kadhaa, kisha mbao hunywa maji, huvimba, na nafasi hujifunga zenyewe. Ndiyo sababu fundi hutia kalafati ya pamba, ambayo hubonyea, kisha hupaka deheni, ambayo nayo ni laini. Ukijaza nafasi zile kitu kigumu mbao zingali kavu, basi zitakapovimba hazitakuwa na pa kwenda. Zitasukumana, misumari itang’oka, na mataruma yatavunjika. Kaka alikuwa hakuficha uozo tu. Alikuwa ametega mtego ambao ungefyatuka baada ya wiki moja au mbili, watu na magunia wakiwa ndani.

Na ziwa letu si la mchezo. Lina kina cha karibu mita 700, na Mwera, ule upepo wa kusini mashariki, huvuma tangu mbali kabisa na kusukuma mawimbi yake mpaka huku kwetu kaskazini. Mwezi wa Julai, mwaka 1946, meli iitwayo Vipya ilizama kwa dhoruba upande wa magharibi wa ziwa hili, na watu zaidi ya 100 walikufa. Tena ile ilikuwa meli mpya ya chuma. Askofu Chauncy Maples naye alikufa maji katika ziwa hili mwaka 1895, mashua yake ilipopinduliwa na dhoruba.

Jina la askofu huyo lanikumbusha chombo kingine, ambacho habari zake zamfaa kila auzaye au anunuaye chombo kikuukuu. Meli ya Chauncy Maples iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikafunguliwa vipande zaidi ya 3,000, ikaletwa kwa bahari, kwa mto na kwa mabega ya watu, ikaungwa tena na kushushwa ziwani mwaka 1901. Kwa miaka mingi ilikuwa meli ya Misheni, ikichukua wagonjwa, wanafunzi na mapadre. Mwaka 1953 Misheni iliiuza, ikatumika katika uvuvi, kisha serikali ya Malawi ikainunua katika miaka ya 1960, ikatiwa injini ya dizeli na kuchukua abiria. Mwaka 2009 ulianzishwa mpango wa kuitengeneza tena iwe meli ya matibabu, na kazi ikaanza huko Monkey Bay. Lakini kadiri mabati ya zamani yalivyofunuliwa, ndivyo gharama zilivyozidi, na mpango haukutimia kama ulivyokusudiwa. Chombo cha zamani hakikwambii bei yake yote siku ya kwanza. Kuna vilivyobahatika, kama Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 baada ya kupaka mitambo yake grisi nzito, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari. Lakini Liemba ilikuwa na serikali nyuma yake. Sisi tulikuwa na mwembe.

Tukaanza upya. Kwanza tulibandua rangi na dawa yote, kazi iliyotuchukua mimi na Kaka siku tano na kutuharibia mikono. Kisha Babu alinifundisha hesabu ya bei, ambayo ni ya kutoa tu. Mashua ya namna hii ikiwa nzima yaweza kupata milioni 12. Mbao, mataruma, tanga jipya, kamba na ujira wa fundi tulivikadiria milioni 7 na nusu. Zikabaki milioni 4 na nusu. Hapo mnunuzi mwenye akili atapunguza tena kwa ajili ya yale yasiyoonekana bado, na muuzaji mwenye akili hatakasirika. Bei isihesabiwe kwa mapenzi. Babu aliipenda sana mashua ile, lakini mapenzi hayo hakuyatia katika hesabu hata senti moja.

Tangazo la pili niliandika hivi: “Inauzwa mashua ya tanga, futi 24, mvule na mninga, risasi chini ya mkuku. Imekaa nchi kavu miaka 11. Mataruma manne yameoza, pia mbao za tezi na pembe za sitaha. Tanga kubwa halifai, dogo lafaa. Mlingoti na usukani ni vizima. Haifai kuingia ziwani kabla ya kutengenezwa. Mnunuzi aje na nyundo yake.” Maneno ya mwisho ni ya Babu, nami nilidhani yatawafukuza watu. Kumbe watu watatu walikuja kwa sababu ya maneno yale.

Wa kwanza alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hakuitazama mashua kabisa, alilala chini akatazama risasi. Alitaka kuiyeyusha, atengeneze chubwi za nyavu, na mbao tubaki nazo za kupikia. Alitoa milioni 2, taslimu, mkononi. Tuliyahitaji macho ya Bibi, na Baba aliona tuchukue. Bibi ndiye aliyekataa. Alisema amengoja miezi saba, na wiki mbili nyingine hazitamtoa macho. Wa pili alikuja akaahidi kurudi, na mpaka leo hajarudi.

Wa tatu alikuwa fundi wa vyombo, mtu mzima, mwenye nyundo yake kweli. Alisalimia vizuri, akakaa na Babu karibu saa nzima wakizungumza habari za pepo na za watu waliokufa, ndipo akainuka kugonga. Aligonga asubuhi yote. Aligundua mahali pawili ambapo hata sisi tulikuwa hatukupaona, akatuonyesha, na Babu akashuka laki mbili pale pale bila kuombwa. Wakapatana milioni 3 na laki 4. Babu akasema, “Ndaga fijo,” wakapeana mikono.

Baada ya kupatana, msiridhike na mikono tu. Tuliandika hati mbili zenye kutaja mashua, kasoro zake zote, bei, tarehe, na majina ya mashahidi, na mwenyekiti wa kijiji akatia sahihi na mhuri. Fedha zote zilipokelewa kabla mashua haijasogezwa. Tena tulimwambia fundi kwamba kabla ya kuanza safari yatakiwa TASAC waikague na kuiandikisha kwa jina lake, maana shirika hilo ndilo lisimamialo usalama wa vyombo vya majini. Yeye alilijua jambo hilo kuliko sisi, lakini tuliliandika vilevile.

Fundi alijenga kibanda chake pale pale chini ya mwembe, akafanya kazi hadi mwisho wa Agosti. Mimi nilikuwa nimekwisha rudi bwenini. Kaka ameniandikia kwamba siku ya kuishusha walikuwa watu 22, wakiisukuma juu ya magogo, na Babu amekaa kitini akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Waliifunga penye maji ya kifuani, wakaiacha ijae mpaka sitaha ikawa sawa na maji, ili mbao zinywe. Watoto wakadhani imezama, wakalia. Bibi, ambaye jicho lake la kulia limekwisha fanyiwa kazi, alipelekwa ufukoni kuitazama, akauliza kwa nini ilipakwa rangi mbaya namna ile. Siku ya kwanza walikumba maji ndoo zaidi ya 100. Barua ya juzi yasema sasa ni ndoo 9 kwa siku, na fundi ameanza kushona tanga.