Matuta ya Nzoia: Kazi ya Serikali na Kazi ya Mwenyeji

Mto Nzoia hukusanya maji ya milima ya Cherangani na Elgon, ukapita katika nchi yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 12,000, kisha ukayamwaga yote katika Ziwa Victoria huko Bunyala, Kaunti ya Busia. Bonde la Bunyala ni tambarare, na udongo wake ni mwema kwa kuwa mto wenyewe ndio uliouleta. Lakini mto uletao rutuba huleta na gharika.

Hapo zamani kila mji ulijilinda kwa njia yake. Watu walijenga penye mwinuko, na maji yalipopanda walihamisha mifugo na nafaka. Yaliposhuka, wakarudi kupanda. Mvua kubwa za 1961 na 1962, zilizoanza kulipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili, zilionyesha kwamba hekima hiyo peke yake haikutosha. Ndipo katika miaka ya 1970 na 1980 Serikali ilipojenga matuta marefu ya udongo kandokando ya mto.

HOFU YAPUNGUA

Matuta hayo yalileta faida kubwa. Lakini kila tuta lina madhara yake yaliyofichika. Mtu alalaye nyuma yake haoni tena sababu ya kujenga juu wala ya kuutazama mto usiku. Nyumba na mashamba husogea karibu na maji, na siku tuta likipasuka, hasara huwa kubwa kuliko ile ya zamani.

Tena tuta la udongo halijitunzi. Wanyama wachimbao mashimo hulidhoofisha, ng'ombe hulikanyaga, mizizi ya miti hulipasua, na mtu atakaye maji ya shamba lake huweza kulikata. Ikiwa kila mtu asema, “Hii ni mali ya Serikali,” basi tuta halina mwenyewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2003 na tena mwaka 2008 matuta ya Nzoia yalipasuka, na maelfu ya watu wakayaacha makao yao.

MFANO WA MAREKANI

Jambo hili si la Bunyala peke yake. Mto Mississippi ulipofurika mwaka 1927, watu zaidi ya 600,000 walihama. Sheria ya 1928 iliitwika Serikali Kuu ya Marekani gharama za matuta makubwa, lakini wenyeji walitakiwa kutoa ardhi na kuyatunza matuta yakiisha kujengwa. Mwaka 1945 mtaalamu wa jiografia, Gilbert White, alionya kwamba hasara ya mafuriko kwa sehemu kubwa ni kazi ya binadamu, na kwamba kuta peke yake hazitaiondoa. Mwaka 1968 sheria nyingine ilileta bima ya mafuriko, nayo ilitolewa tu katika miji iliyokubali kuweka kanuni za ujenzi katika mabonde ya mito. Yaani fedha zilifungamanishwa na wajibu.

KUGAWANA WAJIBU

Haitakuwa haki kumtwika mwenyeji wa Bunyala mzigo wote. Hawezi kujenga tuta refu kwa jembe lake, wala si yeye aliyelima miteremko ya juu ambako matope ya mto hutoka. Katiba ya mwaka 2010 iliweka kazi ya kukabili maafa mikononi mwa Serikali ya Taifa na serikali za kaunti pia. Hatari iliyopo ni kwamba kila mmoja aweza kumngoja mwenzake, na mwanakijiji akawangoja wote wawili.

Chakula na mahema baada ya gharika ni msaada wa lazima, lakini fedha zijazo baada ya maafa tu huwafundisha watu kungoja. Afadhali fedha zije mapema, pamoja na masharti yanayoeleweka: Serikali ijenge na kupima matuta, kaunti ikataze ujenzi kati ya tuta na mto, wakulima wa milimani wazuie mmomonyoko, na kila kijiji kiwe na watu wa kukagua sehemu yake, wakiwa na haki ya kusikilizwa upesi watoapo habari ya ufa. Mwanakijiji ndiye auonaye ufa kwanza. Lakini jicho lake halitafaa kitu ikiwa hakuna ofisi itakayoleta udongo kabla ya mvua.