Yesu Asiye na Mwimbaji Mmoja

Mwaka 2000, ilipotimia miaka 250 tangu Johann Sebastian Bach afariki, Helmuth Rilling wa Akademia ya Bach mjini Stuttgart, Ujerumani, hakuridhika na kurudia kazi za marehemu tu. Aliwaagiza watunzi wanne, kila mmoja na Injili yake, waandike upya Mateso ya Bwana kwa kwaya na ala. Wolfgang Rihm alichukua Luka. Sofia Gubaidulina, Mrusi mwenye asili ya Kitatari, akamchanganya Yohana na maono ya Ufunuo. Tan Dun wa China alipanga jukwaani mabakuli 17 ya maji kwa umbo la msalaba, na wapiga ngoma wakayachapa maji hayo kwa viganja.

Marko ilimwendea Osvaldo Golijov, Myahudi mzaliwa wa La Plata, Argentina. Kwangu mimi, ndiye aliyethubutu kuliko wote.

Katika Mateso kwa Mathayo, Bach alimpa Yesu sauti moja ya besi, na kila anenapo, fidla humzunguka. Ila msalabani, anapolia kwamba ameachwa, zinanyamaza. Ufundi huo wa ajabu Golijov aliuweka kando. Yesu wake mara ni mwanamke, mara mwanamume, mara kwaya nzima, na kwaya hiyohiyo ndiyo inayopaza sauti asulubiwe. Waimbaji wa Schola Cantorum ya Venezuela, wakiongozwa na María Guinand, walisimama na ngoma za Kuba na Brazil, tarumbeta, gitaa na kodiani, huku wengine wakicheza. Lugha kubwa ni Kihispania, lakini kazi inafungwa kwa Kiaramu, kwa Kaddish, sala ambayo Wayahudi huwasomea wafu wao. Mwana wa Israeli anazikwa na watu wake.

Wapo watakaosema hizo ni vurugu za mtaani. Msomaji wa huku hatashtushwa na ngoma kanisani. Misa Luba iliimbwa Kamina, Katanga, tangu 1958. Lakini katika Misa ile ngoma ziliibeba sala. Kwa Golijov ni za umati uliomhukumu mtu.

Asiyependa makelele aanze na wimbo unaofuata baada ya Petro kumkana Bwana wake: soprano mmoja, fidla, mwendo wa polepole. Kazi yote imesharekodiwa, wala si mara moja.