Sumu Iliyofukiwa: Mionzi katika Misitu ya Ulaya

Wahenga walisema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Makala haya yanahusu ndwele ya zamani ambayo misitu ya Ulaya ingali inaiugua. Mnamo tarehe 26 Aprili 1986, kinu nambari 4 cha mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, katika Ukreni iliyokuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, kililipuka. Upepo uliyapeperusha mavumbi yake hadi nchi za mbali, na mvua ikayaangusha ilikonyesha: kusini mwa Ujerumani, sehemu za Sweden, milima ya Norway. Miongoni mwa elementi zilizodondoka, iliyoleta taabu ya kudumu ni sesiamu 137. Nusumaisha yake, yaani muda ambao nusu ya kiasi chake huoza, ni takriban miaka 30.

Kwa hesabu hiyo, kufikia 2016 nusu ya sesiamu ya Chernobyl ilikuwa imekwisha. Mionzi katika nyama ya paa wa misitu ya Ujerumani ilipungua, tena upesi. Ile ya nguruwe mwitu wa jimbo la Bavaria ilikataa kushuka. Kwa nini?

Jibu limo udongoni na katika mlo. Shambani, udongo wa mfinyanzi huishika sesiamu, jembe huitawanya, nayo mbolea yenye potasiamu huzuia isinyonywe, kwani mizizi haizitofautishi vyema elementi hizi mbili. Msitu hauna jembe wala mbolea. Jani huanguka na kuoza, kuvu huifyonza sesiamu, mti huipokea, na jani jingine huirudisha chini. Msitu ni bahili, hautupi kitu.

Paa hula majani na vichipukizi. Nguruwe, chakula kinapoadimika wakati wa baridi, huchimbua kwa pua aina ya uyoga unaoota chini ya ardhi, ambao wanabotania huuita Elaphomyces. Kwa kuwa sesiamu huzama udongoni polepole mno, huendelea kuufikia uyoga huo miaka mingi baada ya majani ya juu kutakasika. Isitoshe, utafiti uliochapishwa 2023 na wanasayansi wa Vienna na Hannover ulionyesha kwamba Chernobyl haikuwa mkosaji wa pekee. Kati ya sampuli 48 za nyama hiyo, asilimia 88 zilizidi kiwango kinachoruhusiwa Ujerumani, na baina ya asilimia 10 na 68 ya sesiamu iliyomo ilitokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa angani, mengi yakiwa kabla ya mkataba wa 1963.

Kaskazini zaidi, mkosi uliwapata Wasami, wafugaji wa kulungu waitwao reinidia. Wanyama hawa hutegemea likeni wakati wa baridi. Likeni haina mizizi. Hujilisha kwa hewa na mvua, hivyo iliyapokea mavumbi moja kwa moja. Nchini Sweden maelfu ya mizoga ilitupwa. Norway, mnamo Novemba 1986, ilipandisha kiwango cha nyama ya reinidia kutoka bekereli 600 kwa kilo hadi 6,000. Uamuzi huo unashtua, lakini una mantiki: Wasami kupoteza ufugaji wao kulionekana kuwa hatari kubwa kuliko mionzi yenyewe. Fauka ya hayo, wanyama walilishwa kemikali iitwayo buluu ya Prussia, ambayo huinasa sesiamu tumboni ikatoka na kinyesi.

Nguruwe mwitu hana mfugaji wa kumlisha dawa. Mwindaji wa Bavaria hupeleka nyama ipimwe. Ikizidi bekereli 600 kwa kilo huharibiwa, naye hulipwa fidia na serikali. Hata hivyo, kuwinda kitakachotupwa hakuna raha, na baadhi ya wawindaji huacha. Nguruwe nao huzaana, wakatoka msituni usiku kuyafukua mashamba ya mahindi.