Picha ya Televisheni Inapoganda: Anzia Kwenye Waya



Wanafunzi wananijua kuwa ni mwalimu wa fiqhi, si fundi. Haya nimeyajua kwa kulazimika. Jioni ya mwezi 29 Ramadhani, mwaka juzi, sebule yetu ilijaa majirani wakisubiri taarifa ya kuandama kwa mwezi. Mtangazaji alipofungua kinywa tu, uso wake ukakatika vipande vipande, picha ikaganda, kisha kioo kikaandika kuwa hakuna mawimbi. Ikabidi tutume mtoto msikitini akaulize.

Baada ya Idi nilikwenda dukani nikauziwa busta, yaani kikuza mawimbi, kwa shilingi 25,000. Hali ikawa mbaya zaidi. Mwishowe mzazi wa mwanafunzi wetu mmoja, ambaye ni fundi, alifungua kichwa cha waya pale unapoingia kwenye antena, akatuonyesha shaba iliyoota kutu ya kijani. Alikata waya kiasi cha shibiri moja, akafunga kichwa kipya, na picha ikatulia. Busta ikarudi kwenye boksi lake.

Kwa nini zamani tuliona dalili mapema na sasa hatuzioni? Kabla ya kuzimwa mitambo ya analojia, kazi iliyoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kufuata miji mingine mwaka 2013, mawimbi yakipungua picha ilianza kupiga chenga. Chenga zikazidi wiki baada ya wiki, na mtu akajua antena yake inaumwa. Matangazo ya dijitali huja kwa tarakimu, na king'amuzi kina uwezo wa kusahihisha tarakimu chache zilizopotea. Mfano wake ni mwanafunzi anayeandika imla. Akikosa kusikia herufi moja moja, huijaza mwenyewe na daftari linaonekana safi. Akikosa maneno mengi, huweka kalamu chini. Kwa hiyo picha nzuri leo si ushahidi kwamba waya wako ni mzima. Huenda umebakiwa na kiasi kidogo tu kabla ya kufika ukingoni, na mvua moja ikakuangusha.

Ving'amuzi vingi vina ukurasa, kwenye menyu, wenye mistari miwili: mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora wake. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, usinunue busta, kwa sababu busta hukuza mawimbi pamoja na uchafu wake. Hilo ndilo lililonipata mimi. Busta ina faida pale mnara ulipo mbali au waya ni mrefu, na mahali pake ni juu, karibu na antena, kabla mawimbi hayajadhoofika njiani.

Basi anza hivi. Uliza jirani kama na yeye amekosa. Masafa moja hubeba stesheni nyingi, hivyo kundi zima likipotea kwa mtaa wote, tatizo liko mnarani, nawe subiri. Kama jirani anaona vizuri, mwombe uchomeke king'amuzi chako kwenye waya wake. Kikifanya kazi, king'amuzi ni kizima na pesa yako imesalimika. Kinachobaki ni waya na antena.

Waya uwe ule mnene wa antena, wenye shaba katikati na wavu kuizunguka. Nimeona nyumba iliyounganisha kwa waya wa taa! Unyuzi mmoja wa wavu ukigusa shaba ya kati, mawimbi hukatika. Sisi wa pwani tuna chumvi ya bahari inayokula viungo haraka, kwa hiyo kila kichwa kilicho nje kifungwe kwa utepe usiopitisha maji. Kabla waya haujaingia dirishani, uache uning'inie kidogo kama tumbo, ili maji yadondoke pale badala ya kufuata waya hadi ndani. Ukigawa waya mmoja kwa televisheni mbili, kila moja hupata chini ya nusu.

Antena yenyewe huelekezwa mnarani kwa upande wenye vijiti vifupi. Tazama pia antena za majirani wanaoona vizuri: vijiti vyao vikilala, vyako vilale, vikisimama, vyako visimame. Ukiigeuza, geuza kidogo kidogo na usubiri sekunde kadhaa, maana king'amuzi huchelewa kuonyesha mabadiliko. Antena ya ndani chini ya paa la bati hupata shida, kwa kuwa bati huzuia mawimbi, ijaribu dirishani. Na mwembe uliokuwa mdogo ulipofunga antena huenda sasa umeziba njia, hasa majani yake yakilowa.

Vijana wangu, juu ya paa msipande bila mtu mzima, wala wakati wa mvua au radi. Mlingoti wa chuma usisimamishwe mahali ambapo ukianguka utagusa nyaya za umeme. Radi ikianza kunguruma mbali, chomoeni mapema umeme na waya wa antena. Ikishafika karibu, msiuguse waya huo mpaka ipite.