Je, Samaki Anakula Shaba?

Kwetu Masisi na Walikale hatuchimbi shaba. Rubaya wanatoa koltani, Bisie kasiteriti. Lakini samaki wa Vitshumbi wengi wetu tunamjua sahanini, na Ziwa Edouard analotoka linapokea maji ya Ziwa George la Uganda kwa njia ya mfereji wa Kazinga. Karibu na George hiyo kuna Kilembe, ambako shaba ilichimbwa tangu 1956 hadi 1982. Takataka za mgodi zilibaki Kasese, na mvua inazisukuma kuelekea ziwani. Basi mama akiuliza kama samaki huyo ana sumu, haulizi bure.

Kwanza tujue kwamba shaba si adui wa samaki. Anaihitaji kidogo mwilini, kama sisi wenyewe. Anaipata kwa milango miwili: chakula tumboni, na maji yanayopita kwenye matamvua, yale mashavu mekundu ya kupumulia. Collins Kamunde na wenzake walipima jambo hili kwa samaki aina ya trauti, wakatoa matokeo mwaka 2002. Samaki aliyelishwa chakula chenye shaba ya kutosha alichukua majini kama sehemu 10 tu kwa 100 za shaba yake. Aliyenyimwa shaba katika chakula alichukua majini kama 60. Ajabu, sivyo? Mwili unajua kupima.

Ikizidi, ini linaifunga kwa protini maalum, halafu linaitoa kidogo kidogo kwa nyongo, inaenda na choo.

Lakini kazi hiyo ina mpaka. Samaki wa maji matamu anapoteza chumvi kila saa, na matamvua yake yanavuta chumvi nyingine kutoka majini. Shaba nyingi inaziba milango ile ile ya chumvi. Damu inaishiwa chumvi, moyo unashindwa, samaki anakufa kabla nyama yake haijajaa shaba.

Maji nayo yana neno. Yenye chokaa yanamlinda samaki, na rangi ya majani yaliyooza, kama ile ya mito ya msituni Walikale, inaishika shaba isimfikie. Maji makali ya asidi ndiyo hatari kubwa. Februari 2025, kule Chambishi nchini Zambia, bwawa la takataka za mgodi wa shaba lilibomoka, asidi ikaingia mtoni kuelekea Kafue, na samaki wakafa kwa wingi.

Na samaki wa Vitshumbi? Waliopima samaki wa Ziwa George walikuta shaba nyingi kwenye ini kuliko kwenye nyama. Nyama mle, akina mama. Ini mimi nalitoa pamoja na matumbo, hata wazee wakinung'unika. Na vijana, samaki mnaowakuta wanaelea wamekufa chini ya mgodi, wa madini yoyote, msiwaokote wala msiwauze.