Likizo ya siku kumi: Kata kilomita, usikate usingizi

VITONGOJI, PEMBA. Ramani iliyobandikwa ukutani haina mawimbi, foleni wala mtoto anayetapika, ndiyo maana kila safari huonekana fupi juu yake. Kidole kinatoka Pemba, kinavuka hadi Tanga, kinapanda Moshi na Arusha, kinagusa Ngorongoro, kinashuka Dodoma, kinateremka Dar es Salaam na kurudi nyumbani kupitia Unguja. Dakika moja haijaisha, nusu ya nchi imeshazungukwa.

Chukua mfano wa familia ya watu sita wa Vitongoji. Baba ni mwalimu, mama ni muuguzi, watoto ni watatu na mdogo ana miaka minne. Wanaishi na bibi, mama mzaa baba, anayetumia dawa za presha. Skuli zimefungwa kwa likizo ya Disemba, lakini mama amepewa ruhusa ya siku kumi tu, na Jumatatu ya siku ya kumi na moja anatakiwa wodini saa moja na nusu asubuhi.

Kila mmoja ana lake. Watoto wanataka kuona simba. Bibi anataka kumwona mdogo wake aliyeolewa Tanga. Baba anataka Ngorongoro, na kwa kuwa watakuwa wameshavuka, anataka pia Dodoma akaione treni ya SGR, iliyoanza kufika huko mwaka 2024. Hakuna ubaya katika kutamani. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi, siku zisipotosha, haziondoi mji hata mmoja kwenye orodha. Zinaondoa usingizi.

Hesabu ya kweli ya barabara

Kutoka Tanga hadi Arusha ni takriban kilomita 435. Arusha hadi lango la Ngorongoro na kurudi ni zaidi ya 300. Arusha hadi Dodoma kupitia Babati na Kondoa ni kiasi cha 425, na Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama 450. Jumla inapita kilomita 1,600.

Wengi hugawa kilomita kwa 100, kana kwamba gari litakwenda kasi hiyo tangu asubuhi hadi jioni. Lakini kwenye makazi ya watu kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na mabasi hayaruhusiwi kuzidi 80 hata barabara ikiwa nyeupe. Ukiongeza malori, matuta, mizani na vituo vya mafuta, kipimo salama cha familia ni kilomita 60 kwa saa. Kwa kipimo hicho, mzunguko wa baba ni saa 27 za kukaa kwenye kiti, kabla hujahesabu chakula, choo, sala na ndugu.

Na ndugu lazima wahesabiwe. Mpemba hapiti Tanga akampungia mkono shangazi yake dirishani. Ataingia, atavua viatu, atasubiri wali uive, na akiaga ataambiwa alale. Kuipa ziara ya ndugu saa mbili kwenye ratiba ni kujidanganya. Ipe siku nzima.

Usingizi haudanganywi

Siku zikibana, wazo la kwanza ni kuendesha usiku. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na abiria wengi wanaona wameokoa siku nzima. Basi lenye madereva wawili wanaopokezana ni jambo moja. Baba aliyeamka alfajiri, akabeba mizigo, akavuka bahari, kisha akashika usukani wa Noah ya kukodi hadi saa sita usiku ni jambo jingine.

Utafiti umeonyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungua umakini sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Maana yake ni kwamba hata asiyewahi kuonja pombe maishani mwake anaweza kuendesha kama mlevi kwa sababu ya uchovu tu. Muziki wa sauti kubwa, kahawa na kufungua kioo humwamsha dereva kwa muda mfupi. Dawa ya usingizi ni kulala.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo muuaji wa kwanza wa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo safari ya familia iwe na masharti yasiyojadiliwa: gari lisitembee baada ya magharibi, kila mtu afunge mkanda, na mtoto asipakatwe kiti cha mbele. Kama gari limekodiwa pamoja na dereva, masharti hayohayo yanamhusu. Naye ni binadamu, anahitaji kitanda na si kulala ndani ya gari.

Dereva apumzike kila baada ya saa mbili, walau dakika 15. Familia ikipanga vituo vyake kwenye misikiti ya njiani, sala na mapumziko vinakwenda pamoja. Abiria nao washuke. Kukaa kitini zaidi ya saa nne bila kunyoosha miguu huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na bibi wa umri mkubwa yuko kwenye hatari zaidi. Atembee kidogo na anywe maji, hata kama hapendi kuomba gari lisimame kila mara.

Malaria inayosubiri ng'ambo

Kuna jambo moja ambalo familia ya Pemba inapaswa kulifikiria zaidi kuliko familia ya Bara. Zanzibar imefanikiwa kushusha maambukizi ya malaria chini ya asilimia moja kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo watoto wengi wa Vitongoji hawajawahi kuugua malaria, na miili yao haina kinga ile ambayo mtu huipata kwa kuumwa mara kwa mara. Wakivuka, wanapita Muheza na Korogwe, maeneo ambayo watafiti wa malaria wameyafanyia kazi kwa miaka mingi kwa sababu ugonjwa upo.

Wiki mbili au tatu kabla ya kuondoka, wazazi wapite hospitali ya Vitongoji au kituo kilicho karibu wakaulize kama kuna haja ya dawa ya kinga. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito, hivyo dawa isinunuliwe kwa kukisia. Chandarua kiwekwe kwenye begi hata kama mwenyeji ameahidi kuwa nacho. Na mtu yeyote akipata homa wakiwa safarini, au ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, apimwe siku hiyohiyo na amweleze daktari kwamba alikuwa Bara. Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha, na pia yanazuia vimelea kusambaa kijijini.

Dawa za presha za bibi zihesabiwe kwa siku za safari, kisha ziongezwe za siku tano. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiwe kwenye sanduku lililofungwa juu ya gari. Kama familia ina bima ya afya, iulize mapema kadi hiyo inapokelewa wapi Bara.

Ratiba ianzie baharini

Kosa kubwa kuliko yote ni kupanga barabara kwanza na boti mwisho. Kwa mkaazi wa kisiwani, siku ya boti ndiyo nguzo ya safari nzima. Boti za Pemba na Tanga haziondoki kila siku kama zile za Unguja na Dar es Salaam, na upepo ukichafuka hata iliyopangwa inaweza kuahirishwa. Uliza siku za kwenda na kurudi kabla ya kuomba ruhusa kazini. Anayetaka kuvuka na gari lake aulize bandarini taratibu na karatasi zinazohitajika mapema, asiende kujifunza siku ya kusafiri.

Wapemba hawahitaji kuelezwa bahari inaweza kufanya nini. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba, ikiwa imejaa kupita kiasi. Bado zipo nyumba kisiwani zinazowasomea dua watu wa siku ile.

Hapa ndipo siku ya akiba inapopata thamani yake. Mzazi ambaye ruhusa yake inaisha kesho asubuhi hupanda chombo chochote kinachoondoka leo, hata akiona kimejaa, hata Mamlaka ya Hali ya Hewa ikiwa imetoa tahadhari ya upepo mkali. Mwenye siku moja mkononi anaweza kugeuka na mizigo yake na kusema atasubiri. Siku hiyo ikipita bila kuhitajika, itatumika kufua nguo na kulala kabla ya kurudi kazini.

Siku kumi zilizopangwa upya

Familia yetu ya mfano ikikubali kufuta Arusha, Ngorongoro na Dodoma, ratiba inakaa hivi.

Siku ya kwanza, kuvuka na kulala Tanga. Siku ya pili ni ya bibi na mdogo wake, na watoto wanaweza kupelekwa mapango ya Amboni, nje kidogo ya mji. Siku ya tatu, safari isiyofika kilomita 200 hadi Lushoto. Kipande cha mwisho cha kilomita 33 kutoka Mombo kina kona nyingi, hivyo watoto wale chakula chepesi na wawekewe mifuko karibu. Siku ya nne wapumzike milimani. Masweta yasisahaulike, kwa kuwa mtoto wa Vitongoji hajui baridi ya Usambara.

Siku ya tano waende Moshi, chini ya kilomita 300. Siku ya sita waamke mapema, kabla mawingu hayajafunika, waone kilele cha Kilimanjaro. Siku ya saba warudi Same, kama kilomita 105, walale mapema. Alfajiri ya siku ya nane waingie Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambayo lango lake liko jirani na mji wa Same. Humo kuna tembo, twiga, mbwa mwitu, faru na simba. Simba si mnyama wa miadi, na ni vizuri watoto waambiwe hivyo kabla. Mchana watoke, walale tena Same.

Siku ya tisa warudi Tanga, takriban kilomita 250, na siku ya kumi wavuke. Boti ikiwa siku ya tisa, mapumziko ya Lushoto yapunguzwe, au Moshi ifutwe kabisa. Na kwa kuwa ratiba hii haijabakiza siku ya akiba, baba na mama wakae chini waamue mapema: ni kipi kitakachotoka? Kama jibu ni Moshi, basi Kilimanjaro itasubiri. Imekuwepo pale muda mrefu.

Kilomita zilizobaki ni nusu tu ya zile za mwanzo, na bila Moshi ni pungufu zaidi. Ngorongoro inaweza kuwa safari ya mwaka mwingine, ikipangiwa siku zake yenyewe. Bibi atakuwa amelala kwa mdogo wake, watoto watakuwa wameingia mbugani, na Jumatatu saa moja na nusu mama atakuwa wodini, macho makavu, tayari kuhudumia watoto wa wenzake.